Mlima Elgon ni Mmoja: Tuwakaribishe Wageni Pamoja na Majirani



Ukitoka nyumbani alfajiri kwenda kukama, ukiwa katika skimu yo yote ya upande wa Endebess, Kwanza au Saboti, kitu cha kwanza unachokiona ni Mlima Elgon. Huutazama ukajua kama mvua itanyesha, na kama leo yafaa kuanika mahindi. Umeuzoea kama mtu anavyouzoea ukuta wa nyumba yake. Lakini ukuta huo una upande wa pili. Kule Kapchorwa, katika Uganda, yuko mkulima mwenzako aliyeamka saa ile ile, naye anautazama mlima ule ule, na kuuliza kama mvua itaifikia kahawa yake.

Leo nataka kukuambia jambo moja tu. Mlima huu hautatuletea wageni wa kutosha, wala faida ya kutosha, mpaka sisi na majirani zetu wa Uganda tuufanye kuwa mlima mmoja kwa mgeni, kama vile ulivyo mlima mmoja kwa mvua. Na kazi hiyo si ya mawaziri peke yao. Sehemu yake moja ni yako wewe, mwenye ekari tano na ng'ombe wawili.

Najua utasema, "Mimi ni mkulima. Watalii ni mambo ya Mombasa na Mara, na ya wenye mahoteli." Nisikilize kwanza, kisha ukatae ukitaka.

MPAKA NI WA WATU

Tazama jinsi mlima huu ulivyogawanywa. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Kilele cha Koitobos, chenye mita 4,222, kiko kwetu. Katikati kuna shimo kubwa lililoachwa na moto wa zamani za kale, na mpaka wa nchi mbili unapita humo. Mapango ya Kitum na Making'eny yako kwetu. Katika pango la Kitum tembo huingia gizani, wakachimba mawe yenye chumvi kwa pembe zao, jambo ambalo mtu atatembea mbali sana asilione mahali pengine. Maporomoko ya Sipi, ambayo kubwa lake huanguka karibu mita 100, yako kwao. Mto Suam hutoka huko juu, ukashuka kwa korongo, na mbele ukaitwa Turkwel. Maji hayo hayakuomba ruhusa kwa mtu ye yote.

Watu nao ni hivyo hivyo. Wasabaot wa kwetu na Wasebei wa kule ni ndugu kwa lugha. Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia na Wagisu wa Mbale wanajua kwamba wametoka katika shina moja, na katika miaka inayogawanyika kwa mbili ngoma za tohara husikika pande zote mbili. Stephen Kiprotich, aliyeshinda mbio ndefu za Olimpiki mjini London mwaka 2012, ni mtoto wa Kapchorwa, naye alifanya mazoezi yake huku Kenya. Nishani ilikuwa ya Uganda. Barabara za mazoezi zilikuwa zetu. Hakuna aliyepungukiwa.

Lakini ukija katika mambo ya wageni, mlima ni mbili. Mbuga yetu ya kitaifa iliwekwa mwaka 1968, nayo ni kilomita za mraba 169. Ya Uganda iliwekwa katika miaka ya 1990, nayo ni zaidi ya kilomita za mraba 1,100. Hata shirika la UNESCO lilipoutia mlima katika hesabu ya mahali pa kuhifadhiwa duniani, upande wetu uliandikwa mwaka 2003 na upande wa Uganda mwaka 2005. Mlima mmoja ukapewa heshima mara mbili!

Basi mfikirie mgeni aliyesafiri siku nzima angani kuja kuuona. Anataka maporomoko, na anataka mapango. Anataka kupanda kwa Kapchorwa na kushuka kwa Endebess. Lazima alipe ada ya mbuga mbili, atafute waongozaji wa pande mbili, na apange mambo ya pasi yake mapema, maana kule juu penye baridi hakuna meza ya kugonga mhuri. Mtu akisikia maneno hayo yote, ni rahisi kwake kusema, "Basi nitakwenda Kilimanjaro." Akienda, nani amepata hasara? Waziri hakupata. Ni wewe uliyekuwa na mayai ya kuuza.

YALIYOTUPATA ZAMANI

Wazee wanakumbuka kwamba Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Mwaka huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kabla ya hapo magari ya watalii yalikuwa yakitoka Nairobi, yakapita Mara, yakaingia Serengeti, yakaenda mpaka Ngorongoro katika safari moja. Tangu wakati ule njia ile ya Bologonja, iliyounganisha Mara na Serengeti, haikurudi tena kuwa njia ya watalii. Nyumbu zaidi ya milioni moja huenda na kurudi kila mwaka, nao hawana pasi. Mgeni anayewafuata hulazimika kuzunguka kwa Isebania, njia ya mbali.

Kwa nini watu wawili wenye ng'ombe mmoja wakosane mpaka maziwa yamwagike? Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inatuhusu sisi. Watanzania waliona kwamba wanyama wengi wako kwao, lakini mgeni analala Nairobi, anakodi gari la Nairobi, na fedha zake anaziacha Nairobi. Kwao anaacha vumbi. Walikuwa na neno. Ushirika ambao mmoja anakula nyama na mwingine anaosha sufuria haukai.

Basi tukitaka kushirikiana na Uganda juu ya Elgon, tukumbuke somo hilo kabla ya kuanza. Sisi tunao uwanja wa ndege wa Eldoret na mji wa Kitale. Tusiwe na tamaa ya kumlaza mgeni kwetu kila usiku, tukamtuma Sipi kwa saa mbili apige picha na kurudi. Usiku wake mmoja uwe Kapchorwa, na mwingine Endebess.

MLANGO UMEKWISHA KUFUNGULIWA

Mambo ya siku hizi si kama yale ya 1977. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ibara yake ya 115 inasema wazi kwamba nchi wanachama zishirikiane katika utalii. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya mtalii, kwa dola 100 na kwa siku 90, ili mgeni avuke kutoka nchi moja hadi nyingine bila kununua viza ya pili. Wananchi wa nchi hizo tatu nao waliruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho tu. Mwaka 2018 Marais wa Kenya na Uganda walifungua kituo kimoja cha mpakani huko Busia, ambapo msafiri husimama mara moja tu badala ya mbili.

Na karibu nasi, barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, na ile ya Kitale kupita Endebess hadi Suam, zimetengenezwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wewe uliyewahi kusukuma gari la maziwa katika tope la Suam wajua maana ya maneno haya.

Basi barabara iko, na sheria iko. Lililobaki ni mlima wenyewe, na sisi tunaokaa chini yake.

WENZETU WA VIRUNGA

Labda utauliza kama jambo hili limewahi kufanyika mahali po pote. Limefanyika, wala si Ulaya. Limefanyika pale ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana, katika milima ya Virunga wanakokaa sokwe wakubwa wanaoitwa gorila.

Nchi hizo tatu zimepata vita na ugomvi kuliko sisi. Lakini askari wao wa wanyama waliendelea kupashana habari hata katika miaka mibaya, na mwaka 2015 walitia sahihi mapatano ya kuihifadhi milima ile pamoja. Walifikiri hata juu ya jambo hili: kundi la gorila waliozoeshwa wageni likivuka mpaka, fedha za mgeni anayewatazama ni za nani? Hawakuliacha liwe fitina. Walipatana juu ya kuzigawana. Matunda yake ni kwamba gorila wa Virunga, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa kama 250 tu, walihesabiwa 604 katika hesabu ya 2015 na 2016.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwako. Uganda imeweka katika sheria kwamba asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani zirudi kwa wananchi wanaopakana na mbuga. Rwanda nayo ilianza kuwapa majirani wa mbuga asilimia 5 ya mapato ya utalii mwaka 2005, ikaongeza mpaka asilimia 10 mwaka 2017. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Mwananchi anayeona zahanati iliyojengwa na mnyama hamwekei mtego mnyama yule.

HESABU YA MAYAI

Sasa tuache milima ya mbali, tufanye hesabu ya nyumbani. Mkulima huamini hesabu kuliko hotuba.

Tuseme kundi la wageni 6 linapanda mlima kwa siku 4. Wana waongozaji, wapishi na wapagazi 12. Jumla ni watu 18. Kila mtu akila mayai 2 kwa siku, hayo ni mayai 144, yaani karibu trei 5. Kila mtu akitumia nusu lita ya maziwa kwa siku, hizo ni lita 36. Unga nusu kilo kwa kila mtu kwa siku ni kilo 36. Sijahesabu viazi, vitunguu, sukuma wiki, ndizi wala asali.

Kundi kama hilo likija mara moja tu kwa wiki, kwa mwaka mzima ni mayai 7,488, maziwa lita 1,872, na unga kilo 1,872, ambao ni mahindi ya magunia kama 21. Hilo ni kundi moja kwa wiki, na mlima wenye milango miwili wapaswa kupokea mengi zaidi.

Sisemi huu ni utajiri. Ukigawanywa kwa skimu nzima hautamnunulia mtu trekta. Lakini kwa chama cha watu kumi na watano ni karo ya shule, na tena ni soko lililo mlangoni, lisilohitaji lori wala dalali. Walakini mambo hayo yatakuwa hivyo ikiwa chakula kinatoka kwako. Kama wapishi watanunua mayai Eldoret na unga Nairobi, mlima utakuwa wetu kwa kuutazama tu.

WENYE MASHAKA WANA HAKI

Nimesikia watu wakisema, "Tembo akija shambani kwangu usiku, halafu unaniambia ni mali ya taifa, mimi nitakula taifa?" Hayo si maneno ya mjinga. Mtu aliyelima kwa mkopo wa mbolea, akaamka na kukuta shamba limelala chini, ana haki ya kukasirika. Sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 inatoa fidia, na yafaa kila mkulima ajue kupeleka habari mapema na kuonyesha uharibifu kabla hajaufuta. Lakini fidia huja baadaye, na njaa haingoji. Dawa iliyo bora ni kumzuia tembo asiingie. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima wamejaribu kutundika mizinga ya nyuki juu ya waya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Si kila tembo hurudi, lakini wengi hurudi, na mkulima anabaki na mahindi yake na asali juu yake. Asali hiyo ndiyo mgeni anayotaka kwenda nayo kwao.

Wengine husema, "Wageni wanaweza kukatika siku moja." Ni kweli. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, viwanja vya ndege vilifungwa na mahoteli yakawa matupu. Aliyeuza ng'ombe wake ili ajenge vyumba vya wageni alijuta. Kwa hiyo nasema wazi: usiuze ng'ombe. Utalii uwe kuku wa pembeni, ng'ombe abaki kuwa ng'ombe. Mahindi yako, maziwa yako na kahawa yako ndiyo nguzo. Mgeni ni paa la pili.

Na wengine huogopa magonjwa. Jambo hili lisifichwe. Mwaka 1980 na mwaka 1987 kuna watu wawili waliougua ugonjwa wa Marburg baada ya kutembelea pango la Kitum, ambamo hukaa popo wengi. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulizuka Kween, upande wa Uganda wa mlima huu huu, na watu watatu wa jamaa moja wakafa. Ulikomeshwa upesi kwa sababu wauguzi walikuwa macho, na habari zikavuka mpaka. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kushirikiana. Ugonjwa hauombi pasi. Mwongozaji anayemwambia mgeni ukweli, akamkataza kushika popo na kukaa penye mavi yao, amemtendea wema mgeni na nchi yake pia.

AMANI NA MSITU

Kuna mambo mawili ambayo bila hayo maneno yangu yote ni bure.

La kwanza ni amani. Kuanzia mwaka 2006 mpaka 2008 ugomvi wa mashamba katika skimu ya Chepyuk uliwafanya ndugu wachinjane katika mlima huu. Wengi walikufa, na maelfu wakahama. Katika miaka ile, nani angemwambia mgeni aje? Wewe uliyepewa shamba katika skimu wajua kwamba hati ya shamba inaweza kuleta furaha au kuleta damu. Basi magomvi ya mipaka ya mashamba yapelekwe kwa wazee na mahakamani, yasipelekwe porini. Na tusiwasahau Waogiek wa Chepkitale, na Wabenet wa upande wa Uganda, walioukaa mlima kabla ya skimu na kabla ya mbuga. Wao ndio wanaojua kila pango, kila mti wa dawa na kila mzinga. Mpango wo wote wa wageni unaowaacha nje utakuwa na deni, na deni hilo litadaiwa siku moja.

La pili ni msitu. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Bududa, upande wa Uganda, ikafukia watu zaidi ya 100. Mvua ilikuwa nyingi, na miteremko mikali ilikuwa imelimwa. Mlima ni ule ule. Ukikata mti wa asili huku kwetu, maji ya mto yanapungua huku kwetu. Ukikatwa kule, yanapungua kule. Na mgeni hatapanda kutazama visiki. Msitu ndio unaomleta mgeni, na msitu ndio unaoleta mvua ya mahindi yako. Hata kama hataonekana mtalii mmoja, msitu bado ni faida yako.

YANAYOIPASA SERIKALI

Kwa maoni yangu, yako mambo manne ambayo Serikali hizi mbili zinaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, iwe tikiti moja ya mlima. Mgeni alipe mara moja, na fedha zigawanywe kwa hesabu ya siku alizokaa kila upande. Hivyo hakuna atakayesema ameoshea mwenzake sufuria.

Pili, pasi ya mgeni iandikwe chini kabla hajapanda, na askari wa wanyama wa nchi moja amkabidhi kwa askari wa nchi ya pili kule juu, penye chemchemi za maji ya moto. Jina likivuka kwa simu ya upepo, mhuri waweza kungoja mpaka ashuke.

Tatu, cheti cha mwongozaji aliyefunzwa Kapchorwa kikubaliwe Kitale, na cha Kitale kikubaliwe Kapchorwa. Kijana wa Kisabaot asikamatwe kama mwizi kwa kuwa amepita jiwe la mpaka akimwongoza mgeni.

Nne, fungu la wananchi liwe sawa pande zote mbili. Kama asilimia 20 inamfaa jirani wa mbuga huko Uganda, naomba viongozi wetu wakae na wenzao, wakubali kiwango kimoja kwa mlima mmoja. Mtu hawezi kuulinda msitu kwa furaha akisikia kwamba ng'ambo ya pili ya mto mwenzake analipwa na yeye anahubiriwa.

YANAYOTUPASA SISI

Lakini tusikae chini tukingoja. Yapo mengi ambayo hayahitaji sahihi ya waziri.

Kama mna chama cha ushirika cha maziwa, kiongezeni mboga na mayai, na mchague mtu mmoja mwaminifu wa kusema na wenye kambi na wapishi wa wageni. Mpishi hataki kuzunguka boma ishirini akitafuta mayai. Anataka kupiga simu moja, apate trei tano, safi, saa aliyoitaja, na risiti. Mkimkosesha mara mbili, ataenda Eldoret na hatarudi.

Kama una chumba kimoja kizuri, kisafishe. Mgeni haombi dhahabu. Anaomba kitanda kikavu, neti, maji moto ya kunawa na choo kisicho na aibu. Uliza ofisi ya kaunti kuhusu leseni kabla ya kumpokea, usije ukaharibu jina la wengine.

Kama una kijana aliyemaliza shule na anakaa sokoni, mpeleke akajifunze majina ya ndege na miti, na huduma ya kwanza. Aanze kwa wazee wa Kisabaot, maana wao wanayo majina ambayo vitabu havina.

Tena, mjuane na wenzenu wa upande wa pili. Wagisu walianzisha chama chao kikubwa cha ushirika wa kahawa, Bugisu, mwaka 1954. Wana mambo mengi ya kutufunza juu ya kuuza kwa pamoja. Sisi tuna ya kuwafunza juu ya mahindi na maziwa. Chama kimoja cha huku na kimoja cha kule vikipatana leo kupelekeana wageni, jambo hilo litakuwa limekwisha kuanza kabla ya mawaziri kukutana.

Mwisho, bei iwe moja. Usimwone mgeni mgongo wake umebeba mfuko mkubwa ukadhani umejaa fedha. Akidanganywa mara moja Suam, wasomaji elfu watasikia kwao.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji alale akingoja kuponywa. Mbegu za mahindi chotara zilipotoka hapa Kitale katika miaka ya 1960, wako waliozicheka wakabaki na mbegu za babu, na wako waliopanda mistari miwili tu ili waone. Mwaka wa pili wale wa mistari miwili walipanda shamba zima. Nami siwaombi shamba zima. Katika mkutano ujao wa chama chenu, wekeni jambo hili katika yale ya kuzungumzwa, mchague watu wawili waende Suam wavuke kwa vitambulisho vyao, wakaonane na wakulima wa Kapchorwa, warudi na habari. Nauli yao ni ndogo. Panda mistari miwili kwanza.